Ngoma ya Ushahidi

Mama yangu alimcheza mwali ambaye wakati wake wa kuchezwa ulikuwa haujafika. Alifanya hivyo kwetu Sindeni, huko Handeni, mbele ya kijiji, kwa ngoma, pilau na kanga mpya, na hadi leo nikikumbuka furaha aliyokuwa nayo siku ile nashindwa kumkasirikia kama ninavyotaka. Alikuwa na shida moja tu, mjukuu wake aruhusiwe kukimbia.

Mjukuu mwenyewe ni binti wa kaka yangu. Alikuja kukaa kwangu Kwamndolwa, Korogwe, alipoanza sekondari, kwa sababu mimi nina binti wa kidato hichohicho, na kaka yangu ni mtu anayeamini kwamba palipo na mtoto mmoja, wa pili hali kitu. Alishuka kwenye gari la Handeni akiwa na begi, unga wa muhogo wa kupikia bada kwenye ndoo, na kuku aliyefungwa miguu, zawadi kutoka kwa bibi yake. Alinipigia goti akaniamkia, kisha akauliza mahali pa kuchota maji kabla hajakaa.

Bibi yake humwita "mke mwenzangu", kama bibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Ila kwa huyu utani ule ulikuwa na uzito. Mvua zilikuwa zimekata barabara siku aliyozaliwa, na aliyempokea kwa mikono yake ni bibi. Ndiye aliyetazama, akaona ni mtoto wa kike, akatoka nje kupiga vigelegele. Tangu hapo amejiona ana haki kwa mtoto yule kuliko hata mama aliyemzaa.

Kabla mtoto huyo hajaja kwangu, binti yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao katika mbio za mita mia nane. Nilikuwa najivuna sana. Nilikuwa nikitafuta visababu vya kulitaja jambo hilo kwa watu walioniulizia bei ya bamia. Halafu huyu dada yake, binti wa kaka yangu, akafika, wakaanza kukimbia pamoja alfajiri kwenye barabara ya vumbi inayopita katikati ya mkonge, na baada ya muhula mmoja binti yangu akawa wa pili. Hakuwa wa pili wa karibu. Mwenzake alikuwa akifika, anavuta pumzi, anageuka kumtazama anavyokuja.

Mwanzoni tulicheka nalo. Mshindi wa kwanza na wa pili wote wanatoka nyumba moja, nani asingefurahi? Binti yangu alikuwa anamwita dada kwa majivuno, akimbebea raba zake na kumgombania foleni ya maji. Mume wangu aliwaambia wageni kwamba hapa kwake panafugwa swala.

Binti wa kaka yangu alikuwa mrefu, mabega mapana, sauti nzito kidogo. Sisi tulisema amemfuata babu yake. Shuleni wasichana wote hunyolewa, kwa hiyo nywele hazikumtofautisha na mtu. Kilichomtofautisha ni jambo ambalo wa uwanjani hawakulijua, sisi wa nyumbani tulilijua. Binti yangu alivunja ungo tukiwa likizo Sindeni. Mama akamweka ndani, wanawake wakamfunda, akatolewa kwa ngoma kama desturi yetu ilivyo. Aliyekuwa akimpelekea uji na maji ya kuoga mle ndani ni huyu dada yake, mkubwa kwake, ambaye siku yake ilikuwa haijafika. Nilimuuliza mama.

"Bado," alisema. "Wengine huchelewa."

Likizo iliyofuata ilikuwa bado, na ya baada yake pia.

Sasa nije kwenye mashindano. Yalifanyika Korogwe, shule za wilaya nzima, ili ichaguliwe timu ya kwenda mkoani. Jua lilikuwa kali, wazazi tumekaa kwenye nyasi tumejifunika vitenge. Binti wa kaka yangu alishinda kwa umbali ambao hata mimi niliyezoea uliniondolea raha. Nilipiga kelele za furaha, nikasikia zinanikauka mdomoni kwa sababu waliokaa karibu yangu walikuwa kimya. Kisha mtu akasema, "Hilo dume." Wengine wakacheka.

Mama mmoja akainuka. Binti yake alikuwa wa tatu, nyuma ya wangu, na ni wawili tu waliokuwa wanachukuliwa. Alikwenda moja kwa moja hadi kwa mtoto wetu, ambaye alikuwa bado anahema, akamuuliza kwa sauti ya kusikika, "Wewe umechezwa?"

Kwa wanawake wa huku swali hilo halihitaji kufafanuliwa. Aliyechezwa amevunja ungo, ni mwanamke, na kila mtu anajua alichezwa lini na nani alipika. Mtoto aliangalia raba zake. Nilimrukia yule mama, namshukuru Mungu kwamba mwalimu alinishika mkono kabla sijamfikia. Lakini nisiseme uongo. Nyuma yake binti yake alikuwa amelala chini anatapika kwa uchovu, ametoa vyote alivyokuwa navyo, na niliona kabisa kwamba kama mambo yangegeuka, aliyesimama kuuliza ningekuwa mimi.

Malalamiko yakapelekwa. Msimamizi akasema mtoto hajafukuzwa, ila jina lake linawekwa kando mpaka daktari athibitishe, na kambi ya timu ya kwenda mkoani ingeanza baada ya likizo.

Mwalimu wao wa michezo alikuja nyumbani siku iliyofuata. Ni kijana mpole, na siku ile alizungumza akiitazama stuli aliyoikalia mume wangu. Alisema huko kwa wakubwa, kwenye mashindano ya dunia, wameanza kupima vinasaba kabla ya kumruhusu mwanamke kukimbia. Alisema kuna wasichana waliozaliwa wasichana na kulelewa wasichana, ambao ndani ya miili yao kuna mambo wenyewe hawakuyajua, homoni nyingi za namna ya wanaume, na kwamba watu waliosoma wanabishana mpaka wanatukanana. Wapo wanaosema mtoto hana kosa, mwacheni akimbie na mwili aliopewa. Wapo wanaosema wanawake walitengewa mbio zao kwa sababu maalumu, na sababu hiyo ikipuuzwa basi mbio hizo hazina maana.

"Na wewe mwalimu unasemaje?" nikamuuliza.

"Mimi, mama, nasema mumpeleke hospitali."

Nilimchukia kwa sababu alikuwa amesema kweli.

Sokoni Manundu, ninakouza mboga zangu, kila mtu aligeuka daktari. Walionunua mchicha walinipa ushauri, na wasionunua walinipa mrefu zaidi. Mmoja alisema mtoto kama huyo atengewe mbio zake. Nikamuuliza, atakimbia na nani, na kivuli chake? Mwingine alisema ni kazi ya maadui wa kaka yangu. Muuza dagaa, mwanamke ninayemheshimu, aliniambia taratibu, "Mimi nina mabinti wanne. Ukweli ni kwamba ningelalamika." Siku ile nilinunua dagaa kwake kama kawaida.

Jioni moja binti yangu alikuwa anaosha raba kwenye beseni. Akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mama, mimi nimekuwa wa pili kwa nani?"

"Kwa dada yako."

"Najua ni dada yangu. Unajua ninachouliza."

"Sijui mwanangu."

"Nampenda. Sitaki wamfukuze, sitaki wamwite yale majina. Lakini nimekimbia mpaka nikaona giza, mama, na sikumkaribia. Nikilia naambiwa nina wivu. Hata baba alisema nina wivu."

Alisugua raba ile mpaka rangi ikaanza kutoka. Nilitaka kumwambia kitu kama mama yake, na kila neno lililokuja lilikuwa linamuumiza mtoto wa kaka yangu, aliyekuwa chumbani na dirisha liko wazi. Nikaishia kumwambia asimalize sabuni.

Habari za uwanjani zilikuwa zimefika Sindeni kwa simu. Mama hakuelewa homoni, hakuelewa vinasaba, na habari za dunia inabishana nini hazikumhusu. Kati ya yote aliyosimuliwa alishika swali moja, umechezwa? Hilo alilielewa barabara. Kwake yeye lilikuwa ndilo dai, na lilikuwa dai dogo. Kwetu mwanamke aliyechezwa haulizwi tena na mtu yeyote. Kama huo ndio ushahidi wanaoutaka, basi ushahidi ungepatikana.

Shule zilipofungwa akamwita mtoto atangulie. Mimi na binti yangu tulifuata baadaye, baada ya kupigiwa simu na kuambiwa tuje na kanga. "Mke mwenzangu amekua," mama alisema, akakata. Moyo uliniruka kwa furaha. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba mambo yamejinyoosha yenyewe, hata hospitali hatuna haja nayo. Binti yangu alikuwa amelaza kichwa kwenye kioo cha gari.

Tulizisikia ngoma tangu barabarani. Mama nilimkuta jikoni kwenye moshi, anagombeza watu kuhusu wali. Nilimvuta pembeni.

"Mama, ni kweli?"

Alinijibu kwa Kizigua, lugha anayoitumia akiwa hataki kubishiwa. Alisema wametaka kujua kama amechezwa, naye amemcheza. Tena alimweka ndani mwenyewe, akamfunda mwenyewe, asimwachie mtu mwingine, watu wakashangaa lakini nani atamhoji mzee?

"Lakini hajavunja ungo, mama!"

"Itakuja. Ngoma imetangulia tu."

Nilibaki nimeshika sufuria. Ningefanya nini? Nje wanawake walikuwa wameshaanza kuimba.

Akatolewa. Alikuwa amepakwa mafuta, shanga shingoni, amefunikwa kanga mbili. Mwali hutakiwa ainamishe macho, na yeye aliinamisha, lakini walipomfunua tabasamu lilimshinda. Sijawahi kumwona vile, hata siku alizoshinda. Siku alizoshinda alikuwa anaangalia huku na huku, kama anayetaka kuomba radhi. Siku ile, katikati ya wanawake waliokuwa wanamwimbia kwamba ni mwenzao, alisimama ametulia na mabega yake yote mapana. Machozi yalinitoka na sikujua ni ya nini.

Mama alikuwa ameazima simu kubwa na kumpa jirani arekodi. "Uso uonekane vizuri," alikuwa anaelekeza. "Na ngoma zisikike. Anatumiwa mwalimu."

Binti yangu alisimama kando yangu bila kupiga makofi. Alisema polepole, nisikie mimi tu, "Mimi nilichezwa kweli."

Mwalimu alitumiwa ile video. Akajibu kwa adabu zake, hongereni sana mama, nimefurahi, ila wanataka daktari. Mama alipoelezwa alicheka kwa dharau, akasema kumbe na hao hawajui wanachokitaka.

Tatizo ni kwamba ngoma ni tangazo. Hatukukaa sana wakaja kwa kaka yangu watu kutoka Magoma, wamevaa kanzu, wameleta maneno ya kuzungukazunguka kuhusu kijana wao. Kaka akawajibu kwamba binti ni mwanafunzi, na wakaondoka vizuri. Lakini mtoto alikuwa amesikia kupitia ukuta. Aliponisindikiza kisimani aliniuliza, "Shangazi, nikiolewa, halafu ikaonekana sikuwa nimefika, nitarudishwa?" Nilimwambia hakuna anayemwoza mtu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea chenji pungufu na hataki ugomvi.

Hospitali tulikwenda watatu, mimi, yeye na mama, ambaye alikataa kubaki na ambaye alikuwa amebeba ile simu ya kuazima ndani ya mkoba wake. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimwamkia mama shikamoo, akamsogezea kiti, na mimi nikaanza kupumua. Aliuliza maswali ya kawaida. Kisha akamwuliza mtoto kama ameanza kupata siku zake.

"Ameanza," mama akajibu kabla mtoto hajafungua mdomo. "Tumemcheza. Hii hapa." Akatoa simu, akamwambia daktari abonyeze mwenyewe.

Chumba kile kidogo kikajaa ngoma na vigelegele. Daktari alitazama, akatabasamu, akasema hongera. Akachukua kalamu. Na mimi nilielewa ghafla jinsi uongo ule ulivyokuwa unaingia mahali ambapo haukupaswa kufika. Uwanjani ulikuwa ni ubishi wa nani awe wa kwanza. Hapa mtu alikuwa anataka kujua kama mtoto ni mzima.

"Daktari," nilianza.

Lakini mtoto alinitangulia. Alikuwa amemgeukia bibi yake, si daktari. "Bibi, nisamehe." Kisha akasema, "Bado, daktari. Sijawahi."

Video ilikuwa inaendelea. Wanawake wa Sindeni walikuwa wanamwimbia mwali wao kwa nguvu zote, na mama ameshikilia simu mbele yake, hajui kuizima. Niliichukua nikaizima mimi.

Daktari aliweka kalamu chini. Alizungumza vizuri sana, namkumbuka kwa hilo. Alimwambia mtoto amefanya jambo la maana kusema, kwa sababu mbio au bila mbio, mwili wake unapaswa kuangaliwa, na kwamba lolote litakaloonekana, hajafanya kosa. Akasema vipimo vinavyotakiwa viko hospitali kubwa, na majibu yake huchukua muda. Mtoto akauliza kama muda huo utaisha kabla ya kambi. Daktari akasema hapana.

Nje kwenye benchi mama alikuwa amejifunika ushungi mpaka kwenye nyusi. Mjukuu wake alikaa chini miguuni pake, kama walivyozoea.

"Nilikupokea mimi," mama alisema. "Niliona kwa macho yangu nikapiga vigelegele. Leo wananiambia sikuona?"

"Hawajasema hivyo, bibi."

"Na watu wa Sindeni nitawaambia nini? Ngoma hairudishwi."

Mtoto alitaka kumshika mkono, mama akautoa. Haukuwa ukatili, nadhani ilikuwa aibu, lakini mkono uliotolewa ni mkono uliotolewa. Siku ileile mama alipanda gari la kurudi Handeni bila kunywa hata chai. Na tangu hapo akipiga simu alikuwa ananiuliza, "Huyo mtoto hajambo?" "Mke mwenzangu" haikusikika tena. Nilikuwa naongeza sauti ya redio ili mtoto asisikie jinsi anavyouliziwa, lakini nyumba yetu ni ndogo.

Tulikwenda hospitali kubwa. Majibu ya kwanza yalikuja na maelezo kwamba bado kuna vipimo vingine, na daktari wa huko alituambia kwa upole maneno ambayo mtoto ameniomba niyaache kati yetu, na nitayaacha. Alitulia alipoyasikia. Aliuliza swali moja tu, kama anaweza kuendelea kukimbia, na daktari akamwambia kwa afya yake hakuna ubaya. Kwenye mashindano, hilo aliwaachia wenye mashindano. Wenye mashindano wakasema asubiri. Kambi ikakaribia, jina la binti yangu likiwa la kwanza, na la pili likiwa la yule wa tatu, ambaye mama yake sasa alinisalimia kwa unyenyekevu nilipokutana naye sokoni. Niliitikia. Sikuwa na nguvu ya kumchukia, na sikuwa na nguvu ya kumfariji.

Watoto waliendelea kukimbia asubuhi. Nilifikiri ni jambo zuri. Bustani yangu iko karibu na mahali mashamba ya mkonge yanapoishia, penye karavati, na hapo ndipo walipozoea kumalizia, wanafyatuka kwa nguvu zote mpaka ng'ambo. Nilikuwa napalilia siku moja nikawaona wanakuja. Wa kaka yangu alikuwa mbele, kama siku zote, hatua ndefu ndefu, hatumii hata nusu ya nguvu zake. Walipokaribia karavati nikamwona anapunguza. Aliguna kama mtu aliyechoka, akajishika ubavu. Binti yangu akampita.

Alimpita hatua chache tu, akasimama ghafla katikati ya barabara.

"Umefanya nini?"

"Nimechoka."

"Hujachoka! Umeniachia!" Alikuwa analia kwa hasira. "Nani kakwambia unipe? Nataka nikushinde au unishinde. Usinipe! Sikimbii tena na wewe. Sikimbii."

Akakaa kwenye ukingo wa karavati, akageuzia uso kwenye mkonge. Mwenzake alisimama, mikono kwenye magoti, jasho likidondoka vumbini. Nilidhani ataondoka. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile nzito wanayoichekea, na ilikuwa haina hasira hata kidogo.

"Uwanjani wamesema nisubiri. Bibi haniiti tena. Nikikupita unalia, nikikuachia unakasirika." Akajifuta jasho usoni. "Sasa na wewe ukinikataa, nitakimbia na nani?"

Niliweka jembe chini. Binti yangu aliinama akaanza kufungua kamba za raba yake na kuzifunga upya, moja baada ya nyingine, polepole kuliko inavyohitajika. Dada yake hakuondoka. Alikuwa bado amesimama palepale barabarani, anamsubiri amalize.